Namna ya kudai mtandao kijijini kwenu kama haki, sio kama msaada

Mwaka huu nimeulizwa sana na ndugu na marafiki walioko vijijini, nyie kwenu mlifanyaje mpaka mnara ukaja, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika 10 bora niandike yote sehemu moja, mtu asome kwa nafasi yake na afuate. Nitaandika kama nilivyoyaona, kuna sehemu nitakaa sana manake ndo watu wanapokwama, na sehemu nyingine nitapita haraka.

Kwetu ni Tabora, kijiji cha wakulima wa tumbaku na mahindi, kilomita 30 na kitu kutoka mjini. Kabla ya mnara netiweki ilikuwa inapatikana sehemu 2 tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule ya msingi na kwenye mwembe wa mzee mmoja jirani yetu. Pale kwenye mwembe unachukua simu unawasha hotspoti, unaiweka kwenye kopo la plastiki lililotobolewa, unaivuta juu kwa kamba ya manila mpaka tawi la 3, halafu nyie mnakaa chini na simu zenu mnasubiri. Upepo ukivuma kopo linazunguka na netiweki inakata. Hapo ndo mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikaa siku 3 anajaribu kupandisha cheti chake cha kuzaliwa kwenye maombi ya mkopo wa chuo, faili dogo tu la PDF, linafika asilimia 60 linarudi sifuri. Siku ya 4 akapanda bodaboda kwenda mjini, 15,000 kwenda tu, akalipa steshenari kuskani na kujaza, akarudi usiku. Hela ile mama yake alikuwa ameitenga kwa ajili ya mbolea.

Mnara ulikuja baada ya mwaka 1 na miezi 8 ya kufuatilia. Hivi ndivyo tulivyofanya, na yale ambayo ningejua mapema ningefanya tofauti.

Kwanza jua unachodai ni nini

Usianze na barua. Anza na jibu la yule mtu atakayekwambia intaneti ni anasa, watu hawana hata maji wewe unadai mtandao. Utakutana naye tu, sisi tulikutana naye kwenye mkutano wa kijiji na tena kwenye ofisi 2 tofauti, na kama huna jibu unanyamaza na hoja inakufa hapo hapo.

Wanaopinga wana hoja nzuri, tusiwadharau. Vint Cerf, mmoja wa watu 2 waliobuni TCP/IP, yaani zile kanuni ambazo kompyuta zinatumia kuongea kwenye intaneti mpaka leo, mwezi wa kwanza 2012 aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba intaneti sio haki ya binadamu, ni chombo cha kukufikisha kwenye haki. Akatoa mfano wa farasi: zamani bila farasi ilikuwa ngumu kupata riziki, lakini haki ilikuwa ile ya kutafuta riziki, sio farasi mwenyewe. Nimeufikiria sana huu mfano na una ukweli ndani yake, ila ukiuleta kwetu unageuka. Chukua hivi, serikali itangaze kwamba kuanzia leo ofisi zake zinamhudumia aliyekuja na farasi tu, aliyekuja kwa miguu arudi kwao. Hapo farasi sio chombo tena, ameshakuwa mlango wenyewe.

Na ndicho kilichotokea. Ukitaka kazi serikalini unaomba kupitia Ajira Portal. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni, chuo unaomba mtandaoni, kusajili jina la biashara BRELA ni mtandaoni, zabuni za serikali zipo NeST, na malipo ya serikali yanataka control namba ambayo inatoka kwenye mfumo. Wenzetu Kenya wako mbele zaidi, eCitizen imebeba maelfu ya huduma, na hata mtu asiye na kipato kabisa kama ana PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, anatakiwa aingie iTax ajaze ritani ya sifuri kabla tarehe 30 mwezi wa 6 haijapita. Mimi sipingi hii mifumo hata kidogo, imepunguza foleni na imepunguza ile njoo kesho, njoo keshokutwa. Ila aliyeuhamisha mlango ana wajibu wa kutengeneza njia ya kuufikia, na wajibu wake ndo haki yetu. Ukiishika hiyo vizuri hata mwenyekiti wa kijiji ambaye hajawahi kushika simu janja anakuelewa, wa kwetu alielewa kwa dakika 5 kwa sababu mtoto wake naye alikuwa anaomba kazi.

Sasa upande wa sheria, hapa kuwa makini. Utasikia watu wanasema Umoja wa Mataifa ulitangaza 2016 kwamba intaneti ni haki ya binadamu. Usiandike hivyo kwenye barua, afisa anayeyajua haya atakukamata hapo hapo na barua yote itaonekana ya kubahatisha. Ukweli ni kwamba Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2012 lilisema haki ambazo watu wanazo nje ya mtandao zilindwe pia mtandaoni, halafu azimio la 2016 likalaani nchi zinazokata au kuvuruga mtandao kwa makusudi. Ni maazimio, hayambani mtu kama sheria inavyombana, ila yana uzito. Lililo karibu na sisi zaidi ni Azimio la Misingi la 2019 la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lile la uhuru wa kujieleza na kupata taarifa, msingi wa 37, hapo limeandikwa wazi kwamba nchi ziweke sheria na sera za kuwafikishia watu wote intaneti kwa usawa, kwa bei wanayoimudu, bila ubaguzi. Hiyo itaje. Na Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa taarifa, uhuru wa kuwasiliana, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Neno intaneti halimo, lakini jiulize mtu wa kijijini saivi anapokea hizo taarifa kwa njia gani kama tangazo limewekwa kwenye tovuti peke yake.

Kuna nchi zimekwenda mbali zaidi. Finland kuanzia mwezi wa 7 2010 kila mkazi alipewa haki kisheria ya kuunganishwa kwa kasi ya angalau megabiti 1 kwa sekunde, na baadaye kiwango kikapandishwa, na mwaka huo huo mahakama ya katiba ya Costa Rica ikasema kupata intaneti ni haki ya msingi. Hizo ni za kukupa moyo kwenye mazungumzo, kwenye barua ya halmashauri hazisaidii sana.

Pima, na uandike

Hapa ndo tulikosea mwanzoni. Barua yetu ya kwanza ilisema tu kijiji chetu hakina mawasiliano tunaomba mtusaidie, ikajibiwa kwamba kwa mujibu wa ramani eneo lenu lina netiweki. Na kweli kwenye ramani lipo, manake ile ramani inachorwa na kompyuta inayokadiria mawimbi ya mnara wa jirani yanafika wapi, haijui kwamba kati yenu na huo mnara kuna kilima na msitu. Huwezi kushindana na ramani kwa maneno, unashindana nayo kwa vipimo.

Vipimo havitaki hela wala bando. Kwenye simu nyingi za Android ingia mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu, tafuta hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa namba yenye alama ya kutoa mbele na herufi dBm. Namba ikiwa karibu na sifuri ndo nzuri. Kwa 4G ukiona -85 au -90 hapo pazuri, ukifika -105 unahangaika, -115 kwenda -120 hapo hata ujumbe wa WhatsApp unazunguka tu. Andika pia kama ni 2G, 3G au 4G, kwa sababu kijiji chenye 2G mtu atakwambia mna mawasiliano, na ni kweli unaweza kupiga simu na kutuma hela, lakini fomu ya mkopo haifunguki kwa 2G.

Sisi tulichukua daftari la kaunta, tukapiga mistari: tarehe, saa, sehemu, mtandao gani, namba ya dBm, 2G au 3G. Tukachagua sehemu 6, ofisi ya kijiji, shule ya msingi, sekondari, zahanati, gulio na kitongoji cha mbali kabisa. Tukapima asubuhi, mchana na saa 2 usiku, kwa wiki 2, kwa laini za mitandao yote ambayo watu wanatumia pale. Vijana wa form four walioko nyumbani walifanya hii kazi vizuri kuliko sisi watu wazima, wape daftari na laini wataenda. Kila sehemu chukua na majira ya nukta ya GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali penyewe kwenye ramani, hayo simu inayapata bila intaneti, ukifungua programu ya ramani au dira utayaona yameandikwa kwa namba. Piga skrini shoti kila kipimo. Mkimaliza mtakuwa na kurasa kama 8 na mtu yeyote akisema mna netiweki unafungua daftari unamwonyesha zahanati, Jumanne, saa 2 usiku, hamna huduma.

Na hapo zahanati kaa na muuguzi akusimulie. Wa kwetu alitueleza alivyokuwa anatembea mpaka kwenye kichuguu usiku na tochi kuita gari la wagonjwa mama akiwa kwenye uchungu. Tuliiandika hiyo kwa ruhusa yake bila kutaja mgonjwa, na naamini ndo ukurasa uliosomwa kuliko zote.

Hesabu za kijiji

Kampuni ya simu haiji kwa huruma, inaangalia mnara utajilipa au hautajilipa. Kwa hiyo andika idadi ya kaya na watu (mtendaji wa kijiji anazo), shule na idadi ya wanafunzi, maduka, mashine za kusaga, mawakala wa kutuma hela hata kama wanafanya kwa kupanda juu ya mti, siku za gulio na watu wanatoka vijiji gani. Andika kama umeme wa REA umefika, kwa sababu mnara usio na umeme unaendeshwa na jenereta au sola na hiyo ni gharama kubwa, na andika kama barabara inapitika masika. Usidanganye barabara. Watakuja kuangalia na wakikwama kwenye tope watakumbuka barua yako.

Mkutano mkuu wa kijiji, hii usiiruke

Wengi wanaandika barua kama kikundi cha vijana au kama mtu mmoja, inapokelewa, inawekwa kwenye faili, basi. Kijiji ni mamlaka kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi 3 na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, kwa hiyo nenda kwa mtendaji mapema, muombe hoja iingie kwenye ajenda, sio kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo watu wameshachoka na jua limeshakuwa kali. Siku ya mkutano mpe nafasi mtu anayeheshimika aizungumze, sisi aliongea bibi mmoja ambaye mjukuu wake alikosa usaili kwa sababu ujumbe wa kumuita uliingia siku 4 baada ya tarehe. Alisimama akasema hayo na kukaa, mkutano mzima ukanyamaza.

Hakikisha muhtasari umeandikwa, umesainiwa na mwenyekiti na mtendaji, na umegongwa muhuri, na mahudhurio yameambatanishwa. Chukua fotokopi 5. Muhtasari wenye mahudhurio ya watu 300 na kitu ni kitu tofauti kabisa na barua ya mtu mmoja, popote unapouweka mezani.

Kutoka hapo inapanda kwenye kata, WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, halafu diwani anaipeleka kwenye baraza la madiwani. Diwani msikae naye kama adui, mkalisheni chini mumpe lile daftari alisome, akienda barazani na vipimo anaonekana mtu wa kazi na yeye anafurahi.

Barua inakwenda kwa nani na inasemaje

Hapa Tanzania kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wengi wanaujua kama UCSAF, ulianzishwa kwa sheria ya 2006 na makao yake ni Dodoma, na huko ndo barua inakokwenda. Makampuni yenye leseni ya mawasiliano yanachangia kwenye huu mfuko, halafu mfuko unatoa ruzuku kwa kampuni iliyoshinda zabuni iende kujenga mnara sehemu ambayo kibiashara isingekwenda. Maana yake ni kwamba hela ya kuwafikishia nyie mtandao imeshatengewa utaratibu kisheria, na sehemu ya hiyo hela imetoka kwa watu wanaonunua vocha, pamoja na nyie mnaonunua mkipanda kichuguu. Ndo maana nasema usiandike tunaomba msaada. Kenya nao wana mfuko wa namna hiyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano na makampuni yanachangia asilimia 0.5 ya mapato yao, kwa hiyo ndugu wa Kenya hoja ni ile ile, badilisha jina la ofisi tu.

Zabuni zinatangazwa kwa kata. Mwezi wa 5 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, na mtu akisikia kata yenu imo anadhani yameisha. Hapana, kata inaweza kuwa na vijiji 4 na mnara 1 ukakaa kijiji kimoja na mawimbi yasivuke mlima. Kwa hiyo kwenye barua taja mkoa, wilaya, kata, kijiji na vitongoji, usiishie kwenye kata.

Barua yetu ya 2, iliyofanya kazi, ilianza hivi baada ya anuani:

"Yah: Kijiji kukosa huduma ya intaneti na kushindwa kuzifikia huduma za serikali. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkutano mkuu wa kijiji uliazimia kuwasilisha kwenu kwamba wakazi wa vitongoji vyote 5 hawawezi kuomba ajira, mikopo ya elimu wala kupata control namba wakiwa kijijini, kama vipimo vilivyoambatanishwa vinavyoonyesha. Tunaomba kujulishwa kwa maandishi: kata yetu imo kwenye mradi gani, kampuni ipi imepewa, mnara umepangwa kujengwa wapi na lini."

Basi, ukurasa 1. Huko nyuma viambatanisho: muhtasari, daftari la vipimo, hesabu za kijiji, maelezo ya muuguzi. Tuliipitisha kwa mtendaji wa kata, ile mnaandika K.K. (kupitia kwa) juu ya barua, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge. Peleka kwa mkono inapowezekana, na ukiipeleka kwa mkono beba nakala yako igongwe muhuri wa imepokelewa na tarehe. Bila ile tarehe huna cha kufuatilia, barua yetu ya kwanza tulikwama hapo, tuliambiwa haionekani na hatukuwa na ushahidi kwamba iliwahi kufika.

Yale maswali mwishoni mwa barua yana kazi yake. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia anaomba taarifa kwa maandishi kwenye taasisi ya umma na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kenya wana sheria yao ya 2016 pia na huko ni siku 21. Siku zikipita andika barua fupi ya kukumbusha ukitaja sheria na tarehe ya muhuri, kwa adabu kabisa, hakuna haja ya kutishia mtu. Sisi jibu lilikuja baada ya kumbusho la 2, na humo ndo tukajua kwamba kata ilikuwa kwenye mpango ila mnara ulipangiwa kijiji cha jirani, nyuma ya kilima. Tungekaa kimya ungejengwa kule na sisi tungebaki na mwembe wetu.

Wakija kuangalia kiwanja

Wataalamu wakija watatafuta sehemu ya juu, yenye njia ya gari, na isiyo na mgogoro. Hapo pa mgogoro ndo miradi mingi inakufa. Mkae kama halmashauri ya kijiji mapema muwe na sehemu 2 au 3 ambazo mwenye ardhi anajulikana na majirani wamesaini. Mkataba usomeni kabla ya kusaini, pango ni shilingi ngapi, linalipwa kwa nani, linapanda baada ya miaka mingapi, na kama ardhi ni ya kijiji basi hela iingie akaunti ya kijiji na isomwe kwenye mkutano. Muulizeni pia mnara ni wa nani, mara nyingi anayeumiliki ni kampuni ya minara na kampuni za simu zinapanga tu juu yake, na hiyo ni nzuri kwenu kwa sababu mtandao wa 2 na wa 3 wanaweza kupanda hapo hapo bila kujenga upya.

Wazee wengine wataogopa mionzi. Msiwacheke, waiteni wataalamu wawaeleze mbele ya watu, kwetu ilichukua kikao kimoja.

Kama mnara hauji leo wala kesho

Kuna njia ya mtandao wa jamii, watu wenyewe wanaweka antena na kuvuta intaneti kutoka mjini kwa mawimbi na kugawana gharama. Kondoa kule Dodoma walifanya hivyo. Congo kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, walijenga wa kwao wakauita Pamoja Net. Nairobi pale Kibera wapo TunapandaNET. Ni kazi ngumu na inataka mtu anayejua kurekebisha vifaa radi ikipiga, na huwezi kurusha tu bila kibali, Tanzania unaanzia TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na Kenya wameweka leseni maalum ya mitandao ya jamii. Kama kijiji chenu kina sekondari yenye kompyuta na walimu wenye moyo, anzieni pale.

Mnara umekuja, sasa inazunguka

Mnara ukishasimama watu wanashangilia wanasahau daftari, halafu miezi 3 baadaye ikifika saa 1 usiku 4G inaonekana imejaa mistari yote ila ukurasa haufunguki. Hapo tatizo sio nguvu ya mawimbi, ni kwamba watu wamekuwa wengi kwenye njia nyembamba, au ile njia inayounganisha mnara na mkongo, yaani waya mkuu wa intaneti, ndo ndogo. Endelea kupima, ila saivi pima na kasi, kwa kutumia tovuti za kupima kasi, mara chache tu manake zinakula bando. Malalamiko yanaanza kwa mtoa huduma mwenyewe, piga, omba namba ya lalamiko, iandike. Wasipolitatua unakwenda TCRA na hiyo namba mkononi, ukienda bila kuanzia kwa mtoa huduma watakurudisha. Lipo pia baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC, kazi yake ni hiyo.

Kwenye bei, kipimo kinachotumiwa kimataifa ni kwamba bando la msingi lisizidi asilimia 2 ya kipato cha wastani cha mtu kwa mwezi. Piga hesabu ya kijiji chako mwenyewe, chukua kipato cha mkulima wa kawaida cha msimu, gawa kwa 12, linganisha na bando la GB chache la mwezi. Sisi tulipofanya ile hesabu ubaoni shuleni, mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Mnara bila bei ya kumudu ni kama bomba la maji lenye kufuli, na hili nalo liandikeni kwenye barua zinazofuata.

Wakizima

Haki hii inavunjwa kwa namna 2, kwa kutokufikishiwa na kwa kukatiwa, na ya 2 imetugusa wengi ukanda huu. Congo walizimiwa kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 2018 karibu wiki 3 baada ya uchaguzi. Uganda Januari 2021 siku 5 hivi wakati wa uchaguzi. Na sisi Tanzania Oktoba 29 2025, siku ya kupiga kura, mtandao ukakatika nchi nzima na ukakaa siku kadhaa, kila aliyekuwepo anajua alivyokuwa anatafuta habari za ndugu zake.

Cha kufanya kabla: namba za watu muhimu ziandike kwenye karatasi, vyeti na nyaraka viwepo kwenye simu yenyewe na sio kwenye barua pepe peke yake, kaa na hela taslimu ya siku chache, na kama una maombi yenye tarehe ya mwisho karibu na uchaguzi yatume mapema. Wakati imekatika andika: saa ilipokata, ilipotokea tena, ulipoteza nini, mzigo gani uliharibika, usaili gani ulipita. Kuna watu wanaona hii haina maana. Mwaka 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema Togo ilivunja haki ya uhuru wa maoni ilipozima mtandao mwaka 2017, na kesi kama hiyo haisimami bila watu walioandika kilichowapata. Kwetu ipo Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, mkazi yeyote wa nchi wanachama anaweza kwenda, ila muda ni miezi 2 tu tangu tukio au tangu ulipolijua. Miezi 2 inapita haraka sana, kwa hiyo mkiwa na nia mtafuteni mwanasheria au shirika la haki za binadamu wiki ile ile ya kwanza.

Saivi kwetu zahanati inapata -88 kwa 4G. Muuguzi anaita gari akiwa ndani, mdogo wangu yuko mwaka wa 2 chuoni na mama yake anamuona kwa video Jumapili. Kitongoji cha mbali bado kiko -117 na ndo tunachodai sasa, daftari la 2 limeshaanza, kipimo kinachofuata ni Jumamosi saa 2 usiku pale kwenye mashine ya kusaga.